Sifuri ya Kona ya Kanga

Safia binti Matano alikuwa karani wa takwimu za ajali wilayani, na kazi yake ilimkera kwa jambo moja: kona ya Kanga. Kila mwezi alichora grafu ya barabara, kipande kwa kipande, na kila mwezi kona ile ilisoma sifuri. Sifuri! Mahali palipoua watu watatu mwaka ule ule, mmoja wao Luqmani, kaka yake wa tumbo moja.

Wa kulaumiwa nani? Wenyeji wenyewe! Mtu akifa pale, hapelekwi hospitali wala polisi hawaambiwi, maana watu wanaogopa maiti yao isije ikapasuliwa. Huoshwa, akaswaliwa, akazikwa kabla ya alasiri. Aliyegonga huomba msamaha hapo hapo matangani, yakaisha. Luqmani aligongwa na pikipiki ya Iddi, jirani yao, na Safia mwenyewe aliitikia, "Tumemsamehe."

Sasa Alhamisi mhandisi wa barabara alikuwa anakuja kuchagua pa kuweka matuta ya kupunguza mwendo. Sharti lake lilikuwa vifo vitatu vilivyoandikishwa ndani ya mwaka. Na Kidawa, yatima wa Luqmani, mtoto wa miaka saba, alivuka kona ile kila siku kwenda chuoni kusoma Kurani.

Kifo hakiandikwi bila mkuu wa familia kutoa taarifa, basi Safia akaenda kupiga magoti mbele ya baba yake.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

"Nakuomba uandikishe kifo cha Luqmani. Ukitangulia wewe, wale wafiwa wengine watafuata."

"Iddi afungwe? Nimesamehe mbele ya watu, Safia. Nile matapishi yangu?"

"Na Kidawa, baba?"

"Kidawa ana Mungu wake."

Alilia, akabembeleza, wapi! Mzee yule akishasema hapana, jiwe lina nafuu. Alhamisi mhandisi akatazama grafu, akaona sifuri, akaenda zake. Matuta yakawekwa mjini.

Mwezi wa pili wa mwaka mpya, Mzee Matano aliingia ofisini kwa Safia miguu mitupu, kanzu imelowa damu. Kidawa alikuwa amegongwa pale pale konani. Safari hii mzee alikuwa amekimbilia hospitali, na mtoto alimfia njiani, mikononi mwake.

Safia akapiga ukelele, ofisi nzima ikasimama.

"Mwandike," mzee alisema. "Na baba yake mwandike."

Lakini hesabu ya mwaka wa jana ilikwishafungwa. Safia akafungua daftari jipya, akaandika jina la Kidawa. Namba moja.

"Matuta watayaleta lini?"

"Wanataka watatu, baba," alisema Safia. "Bado wawili."