Nyanya Alivyoushika Mwiko wa Ukweni

Mwaka huu nimerudi Kolwezi, rafiki yangu, nikaenda moja kwa moja Kasulo kutafuta nyumba tuliyokulia. Nimekuta shimo. Watu wamechimba kobalti chini ya sebule zao wenyewe mpaka mtaa umebaki matundu na maturubai, na pale nilipodhani palikuwa jiko letu kijana mmoja alikuwa akivuta gunia kwa kamba. Nilisimama kama mjinga. Kisha ikanijia harufu ya sombe kutoka uani kwa jirani, majani ya muhogo yanachemka na mafuta ya mawese, na nyanya akanirudia mzima mzima.

Tulimwita kambo, kama watoto wote wa huku wanavyowaita bibi na babu zao. Alikuwa mwenyeji wa Katanga, jimbo letu hili, amezaliwa Lubudi. Babu alikuwa Mkasai, mtoto wa mfanyakazi aliyeletwa zamani kutoka jimbo la Kasai kuchimba shaba, naye akawa karani wa mgodi. Kila asubuhi nyanya alipuliza mbabula, jiko lake la makaa, akampigia babu shati pasi kabla hajanawa uso wake mwenyewe. Babu akirudi, bukari, ugali wetu, iko mezani na maji ya kunawa yako kando. Sisi tuliona ni mambo ya kawaida tu.

Kitu kimoja kilituchekesha. Waluba wa Kasai wana mwiko wa mke, wanauita cibawu: mwanamke aliyeolewa hamfichi mumewe jambo, wala hapokei kitu cha mwanamume mwingine kimyakimya, na akikosea, ugonjwa unaingia nyumbani. Nyanya hakuzaliwa nao. Aliupokea alipoolewa, na kama waongofu wengi akawazidi wenye dini. Jirani akimpa samaki mkavu, samaki hapikwi mpaka babu arudi aambiwe. Siku moja tulikula bukari kwa chumvi, samaki yuko kwenye kikapu anatutazama, kwa sababu babu alichelewa kazini. Mashemeji zake walimtania kwamba yeye ni Mkasai kuliko wao. Tena kwake mwiko huo ulikuwa na neno moja zaidi: mke hamkani mumewe mbele ya watu. Sijui kama alifundishwa hivyo au aliongeza mwenyewe.

Halafu mambo yakaharibika. Mgodi ulikuwa unakufa, mishahara inakuja inapotaka, na wakubwa wakapata wa kulaumiwa. Mikutanoni Wakasai waliitwa bilulu, yaani wadudu, wakaambiwa warudi kwao, hata waliozaliwa hapa hapa. Baba na mama walitangulia Kasai kutafuta pa kukaa, wakaniacha mimi na wadogo zangu kwa nyanya. Vijana walipita nyumba kwa nyumba wakiwatafuta Wakasai, wakigonga kila mlango. Hadi leo sipendi mtu anigongee mlango kwa ngumi.

Kaka yake nyanya alimpenda sana dada yake, sitaki umwone vibaya. Alikuja na mpango: babu ajifungie chumbani, yeye kaka awajibu vijana, na nyanya anyamaze. Hakumwomba aseme uongo, alimwomba asiseme kitu. Nyanya aliendelea kutwanga sombe, na mchi ulipiga haraka kuliko siku zote.

Walikuja mchana, na marungu na chupa ya petroli. Kaka akasimama mlangoni.

"Huyu ni dada yetu," akawaambia. "Bwana yake alishaka kwenda. Mumuache na bajukuu bake."

Kiongozi wao akatutazama mmoja mmoja, akageuka. Kweli alikuwa amegeuka, mguu mmoja uko nje ya ua, nami nikaanza kupumua.

"Tata," nyanya akasema. Alimwita hivyo, yaani baba, kwa heshima, ingawa yeye angetosha kumzaa kijana yule. "Bwana yangu eko mu chumba. Shiwezi kusema haiko. Kama munafukuza eye, munafukuza na mi."

Nilimchukia dakika ile. Babu akatoka amevaa suti ya kanisani, akasimama kando ya mke wake. Sijui nini kilimzuia yule kijana. Alisema tu kwamba kesho jua likizama asitukute, na kaka akaondoka bila kuaga.

Tukaenda stesheni. Watu walikuwa wamejaa kando ya reli, wanalala chini ya mashuka wakingoja treni, mvua inawanyeshea. Nyanya alipika juu ya mawe matatu, akampakulia babu kwanza kama siku zote. Kisha kuhara kukaingia kati ya watu. Babu yangu, mtu wa mashati yaliyonyooshwa, alifia juu ya turubai lililolowa, nyanya amemshika mkono. Nililia kwa hasira, maana nyanya hakuwa amevunja mwiko hata mmoja na bado ugonjwa ulikuja.

Kaka alirudi kuzika. Alichimba kaburi mwenyewe, nyuma ya stesheni, huku akilia. Siku treni ilipofika, watu wakigombania mabehewa, alimvuta dada yake pembeni.

"Bwana alishaka kufa," akamwambia. "Hakuna mutu anakufunga tena. Rudia kwetu. Batoto batapanda na bandugu ya baba yabo."

Alisema kweli. Mjane aliyezaliwa Katanga asingeguswa na mtu. Nilishika kitenge chake kwa mikono miwili, nikaogopa hata kumtazama usoni.

"Bwana alikufa," nyanya akasema, "lakini batoto bake beko. Nitabafikisha kwa baba yabo."

Akamkumbatia kaka yake, akatupandisha. Treni iliposimama Lubudi, alikozaliwa, nilimkazia macho muda wote. Alitazama nje, akatufunika vizuri, hakushuka.

Kasai alifika mgeni, lugha anaivunjavunja. Waliopoteza watu wao Katanga walimtazama kwa jicho baya, kwamba ni mwanamke wa wale waliotufukuza. Alitukabidhi kwa baba kama alivyosema, akabaki. Alipika, alilea, alivumilia maneno, mpaka wakamzoea, mpaka wakamwita mama. Hakuolewa tena. Alipofariki, wanawake wa kule ndio waliomwosha, nao walimlilia kama mtu wao.

Jana nilikwenda nyuma ya stesheni kumtafuta babu. Hapana msalaba, hapana tuta. Kuna vibanda na mafundi wa pikipiki. Nilimwuliza mama mmoja muuza maji kama alijua palikuwa na makaburi, akanijibu kwa upole kwamba yeye ni mgeni. Basi mume amelala kwao mke, na mke amelala kwao mume. Nyanya alikataa kutenganishwa naye, rafiki yangu, na mimi mjukuu wake sina hata udongo wa kaburi la babu wa kumpelekea.