Taa ya Nateete

Andika kama ninavyosema, mjukuu wangu, usinipambie. Kabla hujazaliwa, baba yako alikuwa na kampuni ya kuhesabu wasomaji wa tovuti. Ilikaa katika chumba kimoja kule Mengo, nami niliwapikia wafanyakazi wake chakula cha mchana. Sikusoma, lakini kazi ile niliielewa, kwa kuwa aliieleza mbele yangu kwa kila mteja. Mwenye tovuti alipewa kaunta bure, alama ndogo aliyoiweka chini ya ukurasa wake. Kila aliyeufungua ukurasa ule alionekana kwetu. Na tuliyoyaona ndiyo tuliyowauzia watu wa matangazo.

Mashine zile hazikuijua mitaa ya Kampala. Zilitambua namba ya kila kafe ya intaneti bila kujua iliko. Ikambidi baba yako azunguke kafe moja baada ya nyingine, aketi, na kuiandikia kila namba mtaa wake. Akaanza na kafe ya mjomba wake, yaani mdogo wangu, kule Nateete. Isingekuwa adabu kuanza kwa wageni na kumruka mjomba. Kila ukurasa wenye kaunta ulipofunguliwa katika kafe aliyoiandika, taa iliwaka kwenye mtaa wake katika ramani ya skrini yetu. Hivyo taa ya kwanza kuwaka, na ya pekee kule Nateete, ilikuwa ya ndugu yangu, nasi tukashangilia kama watu wa harusi.

Ndugu yangu alikuwa amekimbia Kongo akiwindwa na watu wenye bunduki. Kafe yake ilijaa Wakongo waliokuja kusoma tovuti moja ya habari za nyumbani, ambayo iliwataja wauaji kwa majina. Mwenye tovuti ile naye alikuwa amechukua kaunta yetu, maana ilikuwa ya bure.

Kisha akaja mteja mwenye viatu vinavyong'aa. Hakuuliza bei. Alitaka ramani ya wasomaji wa tovuti ile tu. Baba yako, kwa fahari, akamgeuzia skrini. Nilikuwa nagawa matoke; nikaiona taa moja ikiwaka peke yake.

"Hapa ni wapi?"

"Nateete, mzee."

"Nateete ni kubwa. Nyumba gani?"

"Mashine inajua mtaa tu, mzee."

Akacheka. "Mashine yako kama bibi yangu wa nyumbani. Yeye najua kila kitu, lakini hapana sema." Kisha akanigeukia. "Na wewe mama, Kiswahili yako si ya hapa. Ni ya kule ng'ambo ya mpaka, eh?"

"Chakula kinapoa," nikamjibu.

Alipotoka nikamwambia baba yako ampigie mjomba wake simu, afunge kafe. "Mama, yule ni mteja tu." Nikamwambia kwamba mteja asiyeuliza bei hajaja kununua. Akapiga. Jioni ile ndugu yangu akatia kufuli na kwenda kujificha nje ya mji.

Baadaye akatuma habari kwamba angekuja Jumamosi asubuhi kuchukua kompyuta zake, kisha ahame kabisa. Jumamosi hiyo tulimngojea ofisini. Baba yako akawasha ramani kwa mazoea tu. Taa ya Nateete ilikuwa inawaka.

"Mjomba amewahi," akasema huku anatabasamu.

"Amekuja kuhamisha mizigo, au kusoma habari?"

Tabasamu likamtoka. Akapiga simu.

"Mpwa wangu! Niko kwenye boda, naliona soko."

"Hujafika kafe?"

"Nifike kwa mabawa?"

Nikamnyang'anya baba yako simu. "Usishuke. Kuna mtu ndani." Nikamsikia akimwambia mwenye pikipiki kwa heshima ya Kiganda, "Ssebo, pita, pita tu." Baada ya hapo nikasikia upepo.

Tuliketi tukiitazama ile taa. Ilizimika, ikawaka tena, kila mara mtu yule alipoufungua ukurasa upya. Alikuwa akingoja. Adhuhuri ilizimika, haikuwaka tena.

Ndugu yangu alitupigia simu akiwa Busia, upande wa Kenya. Kampala hakuikanyaga tena.

Baba yako aliifuta Nateete siku ile ile. Haukupita muda mrefu, wageni kutoka Ulaya wakaja kuinunua kampuni. Kaunta walikuwa nazo zao. Walichokitaka ni zile namba zetu zilizoandikiwa mitaa. Siku ya kuhamisha mashine nilimuuliza:

"Wanapewa Nateete pia?"

"Niliifuta, mama."

"Na zile nakala ulizokuwa ukihifadhi kila jioni, kabla hujaifuta?"

 Aliinama, akaendelea kukunja nyaya.