Mayai Sita ya Chatu, Woolwich

Mama yangu anawachukia nyoka kwa moyo wake wote, na ndiyo maana sikuwahi kufunga mlango wa chumba chao kwa ufunguo. Nilijua hatausogelea. Tunaishi wawili tu, mimi na yeye, ghorofa ya tatu hapa Woolwich, mbali na kwetu Pemba, na tangu nilipoleta chatu wangu wa kwanza hajapumzika kunisema. "Wenzako wanafuga paka," huniambia. "Wewe umetutilia jini ndani ya nyumba." Wageni wakija, huwaambia mle chumbani mna nguo chafu.

Chatu wenyewe ni wa aina ndogo, wapole, wakiogopa hujiviringa kama mpira. Wangu, dume na jike, ni wa kahawia, huwezi kuwatofautisha na wale wa kawaida wa dukani. Nimemweleza Mama mpaka ulimi ukanikauka kwamba kila mmoja amebeba jeni moja ya mabaka meupe, na jeni moja peke yake haionekani. Mtoto akipata ya baba na ya mama pamoja, hapo ndipo hutoka na vipande vyeupe pe, kama kamwagiwa chokaa. Kila yai lina bahati moja kati ya nne. Mama alisikiliza yote, kisha akauliza, "Na hao weupe hawaumi?"

Miaka mitatu nilisubiri jike akue. Mwaka huu akataga mayai sita. Nikayaweka kwenye sanduku la joto la umeme, na kila yai nikalitia alama ya penseli upande wa juu, kwa sababu yai la nyoka halitakiwi kugeuzwa. Ukiligeuza, kijusi kinaweza kufa mle ndani. Hilo sikumweleza Mama. La nini, kwa mtu asiyepita hata karibu na mlango?

Wiki ya sita yai moja likabonyea na kuota ukungu. Likafuata la pili, na la tatu. Nikanunua kipimajoto kipya, nikagombana na watu wa mtandaoni walioniambia nimekosea unyevu. Nikawa narudi kutoka kazini, kutunza wazee kutwa nzima, na kula nimesimama kwa hasira. Mama akanitazama siku mbili tatu, akanihurumia.

"Hata sifahamu, mwanangu," akasema. "Na kila asubuhi ukishatoka n'nayageuza, jioni kabla hujarudi n'nayarudisha."

"Unageuza nini?"

"Mayai. Si umeyatia alama? N'kajua umesahau, kazi zimekuchosha. Siye Pemba kuku akifa akaacha mayai, tukiyaweka kwenye sanduku na taa ya mafuta, tukiyatia alama hivyo hivyo, tujue lipi limegeuzwa."

Nilipiga kelele mpaka jirani wa chini akagonga dari. "Mama, nyoka si kuku!"

"Hilo waniambia mimi?" akajibu, naye kachukia. "Navaa glavu za kuoshea vyombo, nasoma Ayatul Kursiy, nafumba macho, ndiyo natia mkono!"

Nikaingia chumbani kwa nyoka, nikaubamiza mlango.

Hayakupona hata moja. Wiki ya nane ilipokwisha nikayapasua juu ya gazeti. Matano hayakuwa na cha kutazama. Katika la sita alikuwamo mtoto kamili, kajiviringa, kafa, kichwa cha kahawia na mwili karibu wote mweupe. Nilipoinua macho nikamwona Mama kasimama mlangoni, leso kaibana mdomoni.

"Yumo?" akauliza. "Yule wa mabaka, uliyekuwa ukimtaka?"

Nikalikunja gazeti.

"Hayumo, Mama. Wote wa kahawia."

Akashusha pumzi, akasema alhamdulillahi, basi hatukupoteza kikubwa. Nikaenda kunawa mikono, bado nimemkasirikia.