Otomatiki Haisukumwi

Leo asubuhi nimezungusha ufunguo wa gari langu, nikasikia "tik" moja tu, kisha kimya. Taa za dashibodi zote zinawaka, redio inaendelea na matangazo yake, injini haina habari. Badala ya kumpigia fundi simu nikabaki nimeshika usukani, na mawazo yangu yakarudi Likombe, Mtwara, kwenye uchochoro wetu wa mchanga, baba akigombana na pikapu.

Hiyo pikapu, wenzangu, ilitutesa. Baba alikuwa karani bandarini, mtu wa Rungwe aliyehamishiwa Mtwara, na aliinunua kwa bwana mmoja aliyekuwa anahama. Ilikuwa kuukuu, viti vyake vinanuka samaki mkavu, nayo ilikuwa otomatiki, kitu ambacho mtaani kwetu hakuna aliyewahi kukiona kwenye pikapu. Muuzaji alimwachia baba onyo moja tu, baba akalishika kama amri ya kanisani: otomatiki haiwashwi kwa kusukumwa.

Sasa, Likombe ya wakati ule gari likigoma halikuwa shida ya mwenye gari peke yake. Watu waliacha bao, waliacha kupara samaki, wakaja kusukuma bila kuitwa. Kwetu walikuja mara ya kwanza, baba akawarudisha na somo refu la gia. Wakaja tena, akawapa somo lile lile. Baada ya hapo hawakuja, na hata salamu zao zikawa fupi. Baba alisema ni afadhali, kelele zimepungua.

Ndipo ikafika siku ya Hamisi. Mama yake, Mama Hamisi, tulikuwa tunapakana naye ukuta, na Hamisi alikuwa jandoni huko Mpapura. Siku ya kutoka, kila mtoto hupokewa na mama yake na kuvishwa nguo mpya mbele ya watu, ngoma zikilia. Ambaye mama yake hayupo huvishwa na mama wa mwenzake, na jambo hilo atakumbushwa mpaka aote ndevu. Mama yangu alikuwa amemwahidi Mama Hamisi usafiri. Baba aliikuta ahadi imeshatolewa.

Asubuhi hiyo Mama Hamisi alikaa kiti cha mbele, amejitanda kanga mpya, furushi la nguo za mwanawe mapajani. Baba akazungusha ufunguo. Tik. Akashuka, akamwagia betri maji ya moto, akakaza waya zake, akarudi. Tik. Akaingia uvunguni na nyundo, akaigonga stata mpaka kutu ikamwingia machoni. Tik. Mimi nilitumwa spana, nikatumwa maji, nikatumwa spana nyingine, na kila niliyoleta ilikuwa siyo. Jua lilikuwa limeshapanda na shati la baba limemganda mgongoni. Nilikasirika mpaka nikatamani kuipiga pikapu teke.

Vijana wa kijiweni walisimama kwa mbali wamekunja mikono. "Tusukume, mzee?" mmoja akauliza.

"Otomatiki haisukumwi," baba akajibu kutoka uvunguni.

Mama Hamisi akashuka. Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililotutisha. "Baba Neema, mwanangu anatoka leo. Gari lako halitaki, sawa. Ila limeziba njia. Nimeita bajaji, itapita wapi?"

Baba akatoka uvunguni. Akaingia garini, akatoa gia kwenye P, ya kuegesha, na kuiweka N, gia huru, ili pikapu iweze kubiringika, akaita vijana. Wakaja mbio kama waliokuwa wanasubiri miaka. Wakasukuma hatua chache, usukani ukawa umejifunga. Baba akazungusha ufunguo ili kuufungua, na kwa hasira zake akauzungusha mpaka mwisho.

Ikawaka.

Vijana walishangilia, wakapigana viganja. Mama Hamisi alirudi kitini na furushi lake, akasema tu, "Si walikwambia isukumwe." Baba aliitazama gia, kisha ufunguo. Mimi nilikuwa nyuma kwenye bodi, nikimwona usoni kupitia kioo, na niliona alivyoelewa. Kumbe swichi ya gia ndiyo iliyokufa. Ikiwa P haiwaki, ikiwa N inawaka. Kusukuma hakukuhusika kabisa. Tulikimbia na vumbi hadi Mpapura, ngoma tukazikuta zimeanza, na Mama Hamisi akashuka kabla gari halijasimama. Hamisi alivishwa na mama yake.

Nilingoja baba atoe somo. Hakulitoa. Tangu siku hiyo kila safari ilianza vile vile: anaweka N, anawaita, wanasukuma kidogo, anawasha, wanashangilia. Hata baada ya fundi kubadilisha ile swichi, nami nikiwepo na kuiona mpya inavyofanya kazi, bado alisukumwa. Ilinikera kupita kiasi. Nilimwambia, "Baba, inawaka yenyewe." Akasema, "Najua, Neema. Panda."

Siku tuliyohama Mtwara, vitanda na masufuria vikiwa vimefungwa nyuma, baba alikaa kwenye usukani, akaweka N, na hakugusa ufunguo. Alitoa kiwiko dirishani, akangoja. Nilidhani anachelewesha safari kwa ukaidi wake, na nikanuna. Kisha nikasikia malapa mchangani, na mikono ikigonga bodi nyuma yangu, ya vijana, ya Hamisi, na ya Mama Hamisi mwenyewe akiwa na unga viganjani.

Leo nimekaa garini karibu saa nzima. Majirani zangu wamepita mmoja mmoja na magari yao, vioo vimefungwa, na hakuna hata mmoja ambaye ningejua kumwita kwa jina. Nimeweka N, nikazungusha ufunguo. Tik.