Onyango Alivyomtembeza Mama Mkwe

Jamani, mkwe si mtu wa kuchezea, na Onyango wa mtaa wa Erdington, Birmingham, alilijua hilo tangu utotoni. Kwao Ugenya, Ujaluoni, mtu na mama mkwe hawapeani mkono wala hawali pamoja, sembuse kulala chini ya paa moja. Ndiyo maana tangu mama mkwe wake, Mama Brigid, aje Uingereza kumwona binti yake, Onyango alikuwa akilala kochini kwa rafiki yake Ronny, mtaa wa Stechford. Mgongo ulimuuma, lakini hakulalamika. Mama huyu ndiye aliyewahi kumkataa asimwoe Brigid, akisema vijana wa mjini hawana adabu. Sasa alikuwa ameanza kumsifu mpaka kanisani, na sifa hizo Onyango alizishika kama yai.

Jumamosi ya mwisho kabla mama hajarudi nyumbani, Brigid akaitwa kazini ghafla. "Mpeleke Mama tao, akaone jiji," akamwambia mumewe. "Hajaona kitu." Basi Onyango akapiga moyo konde.

Asubuhi ilienda vizuri. Yeye mbele, mama nyuma na mkoba wake. Wakaona mifereji, wakaingia makumbusho madogo ya masonara, na kila alipotaka kueleza kitu alikieleza akitazama ukuta. "Asante, baba," mama akawa anaitikia.

Mchana akamwingiza kwenye jumba la maonyesho ya picha za kuchora. Mwenyewe hakuwahi kukanyaga humo, lakini mwanamume gani atakubali kuonekana mgeni mbele ya mkwe? Akaongoza kama mwenye nyumba. Chumba cha kwanza kilikuwa na ng'ombe na milima. Cha pili, lo! Ukuta mzima ni wanawake uchi wa mnyama, wamejilaza, na katikati sanamu la mwanamume limesimama bila hata kitambaa. Na hapo nyuma yake, mama mkwe!

Mtu mwenye akili angesema, "Mama, tutoke." Onyango hakusema. Damu ilimpanda usoni, akachomoka kwa mlango wa pili, akashuka ngazi, akavuka uwanja, asisimame mpaka kituo cha basi. Mwanamume mzima, miguu niponye, anakimbia picha! Hapo ndipo alipokumbuka kuwa mama hana simu, hajui Kiingereza, na hata jina la mtaa wao hawezi kulitamka.

Akarudi mbio. Mama alikuwa ameketi kwenye benchi chini ya lile sanamu, mkoba kaukumbatia kifuani. Mlinzi mmoja, mwanamke wa makamo, alikuwa amemletea maji, lakini mama hakuyagusa.

"Mama, nisamehe, mimi..." Alitamani ardhi ipasuke immeze.

Mama hakumtazama. Akasimama, akajifunga kitambaa chake cha kichwani vizuri. "Twende, baba."

Wakapanda basi la kurudi Erdington.

Jioni Brigid aliporudi, hata koti hajalivua, akauliza, "Mama, mmetembea aje?"

Onyango alikuwa amesimama mlangoni, viatu mguuni, tayari kwenda zake kwa Ronny. Akainamisha kichwa kungoja hukumu.

"Vizuri sana," mama akasema. "Huyu mume wako hakuniacha hata hatua moja."

Onyango akatoka bila kuaga, na barabara yote hadi Stechford alitamani mama angemtukana.