Machela Iliyofuata Nyuma

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa ufunguo wa stoo. Mkuu wa Kitengo cha fiziotherapia, katika hospitali moja ya mjini Morogoro ambayo sitaitaja jina, alinipokea mlangoni na kikombe cha chai mkononi. Akaviangalia viatu vyangu vya kisigino, akasema, "Hivyo kesho viache nyumbani. Hapa tunainua watu." Stoo yenyewe ndiyo iliyokuwa chumba cha mazoezi. Ndani mlikuwa na kitanda cha mbao, mifuko ya mchanga ya kufunga miguuni, magongo ya kila urefu, na reli mbili za chuma zilizosimamishwa sambamba, ambazo mgonjwa huzishika huku na huku anapojifunza upya kutembea. Nilikuwa binti wa Singida, nchi ya tambarare, nikiwa na stashahada mpya na imani kubwa kupita kiasi.

Wagonjwa wetu wengi walikuwa wakata miwa wenye migongo mibovu na vijana walioanguka na bodaboda. Wa kiharusi tuliwaweka mwisho. Kiharusi, kwa asiyejua, hutokea damu inaposhindwa kufika sehemu fulani ya ubongo, au mshipa unapopasuka humo ndani, na mara nyingi nusu nzima ya mwili hulala. Nilipomuuliza Mkuu wa Kitengo kwa nini wasubiri hadi mchana, alinijibu bila kuinua macho: "Aliyevunjika mguu atakushukuru mwezi ujao. Huyu wa kiharusi atakushukuru mwakani, akilikumbuka jina lako." Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amechoka, na mikono yetu ilikuwa michache.

Baadaye nilihamishiwa Ngerengere, nikashughulika na viuno vya watu wa reli mpaka nikaota navyo. Nikarudishwa mjini, nikaenda kusoma shahada, nikarudi, nikaenda tena kusoma uzamili. Uzamili wangu ulikuwa wa fiziotherapia ya mishipa ya fahamu, tawi linalohusika na miili ambayo hitilafu yake haiko kwenye mfupa wala msuli, bali kwenye ubongo, uti wa mgongo na nyaya zinazopeleka habari kati yake na viungo.

Vijana wanaomaliza masomo hayo leo hunipigia simu kuniuliza wapange vipi kazi zao. Na mimi nilikuwa na mpango, tena mzuri. Ningekaa Morogoro mwaka mmoja kwa sababu mwajiri alikuwa amenipa ruhusa ya masomo, kisha ningehamia Dar es Salaam kwenye hospitali yenye wodi maalumu ya mishipa ya fahamu, kisha ningefundisha chuoni na kuvaa miwani. Miwani peke yake ndiyo niliyoipata kwa wakati.

Niliporipoti, Mganga Mfawidhi, yaani daktari mwenye dhamana ya hospitali nzima, alinipa mkono. "Hongera sana. Shahada yako tumeiweka kwenye faili. Kesho migongo inakusubiri."

"Na wagonjwa wa kiharusi, daktari?"

"Muundo wa utumishi hauna cheo hicho unachokitaka. Kuna mtu wa fiziotherapia, basi."

Nilimwomba anipe asubuhi mbili kwa wiki kwa ajili ya wagonjwa wa kiharusi pekee. Alikubali kwa sharti kwamba nisimwombe vifaa. Wakati huo huo niliomba uhamisho wa kwenda Dar, nikatulia kuusubiri.

Katika asubuhi hizo ndipo alipoletwa Mzee Banzi. Alikuwa mkulima wa juu kabisa milimani Uluguru, kijiji ambako gari haliwezi kufika. Upande wake wa kulia ulikuwa umelala, ulimi mzito, lakini akili timamu na macho makali. Alikuja na wapwa zake wanne, watoto wa dada zake, wakiongozwa na Dismas, kijana mwenye shingo nene na adabu nyingi mno. Alikuwepo pia mwanawe wa kumzaa, Leonadi, fundi magari aliyepanga vyumba mtaa wa Mafiga, pale mjini.

Leonadi ndiye aliyeniambia hali ilivyo. "Daktari, masika yakianza njia ya kule ni utelezi mtupu. Hata machela haipiti. Akiugua akiwa juu, atafia juu. Kwa hiyo kama kufikia masika hatembei, namshusha aje akae na mimi Mafiga." Mimi si daktari, lakini mjini kwetu yeyote mwenye koti jeupe ni daktari, na nilishachoka kukanusha.

Mzee Banzi alisubiri mwanawe atoke nje. Kisha akaniambia polepole, neno moja moja, "Mwanangu, Mafiga nitakuwa mgeni wa mtoto wangu. Kule juu mimi ni mjomba."

Kwa Waluguru ukoo hufuata upande wa mama. Mjomba ndiye mwenye neno juu ya mashamba ya ukoo, na wapwa zake ndio wanaosimama nyuma yake na baadaye kushika nafasi yake. Nilikuwa nimeishi Morogoro miaka mingi nikilijua jambo hilo kama habari tu. Sikudhani lingeingia kwenye chumba cha mazoezi.

Tulianza kazi. Ubongo ulioumia hauoteshi upya sehemu iliyokufa, ila sehemu nyingine zinaweza kufundishwa kazi ile ile, na mwalimu wake ni kurudia. Mtu arudie kuinuka, arudie kukanyaga, arudie mpaka achukie, na miezi ya mwanzo ndiyo yenye mavuno makubwa. Ndani ya reli zangu Mzee Banzi alijitahidi. Alisimama, akahamisha uzito, akavuta mguu wa kulia, akaukanyaga. Nilifurahi. Lakini kila aliporudi baada ya majuma mawili alikuwa kama hajawahi kuniona: goti limekaza, kisigino hakigusi chini. Kukaza huko tunakuita ukakamavu wa misuli, na huzidi kwa mgonjwa ambaye kiungo chake hakitumiki.

Siku moja niliwasindikiza hadi getini, nikaona walivyokuja. Machela yao ilikuwa miti miwili ya mianzi na blanketi zito lililoshonwa katikati. Walikuwa wamembeba tangu mlangoni kwake hadi barabarani, wakapanda naye gari la mizigo, na tangu stendi walikuwa wamembeba tena.

"Dismas," nikamuuliza, "nyumbani anatembea?"

Alinitazama kama niliyemtukana mama yake. "Atembee, na sisi tupo?"

Nikaendelea kuuliza. Chooni wanambeba. Kanisani wanambeba. Chakula wanamlisha, na mkono mzima wa kushoto umekaa mapajani hauna kazi. Hakuna aliyekuwa mvivu pale, na hakuna aliyekuwa mkatili. Walikuwa wanampooza kwa heshima.

Nilipanda milimani kwa siku zangu za likizo, nikihema kama mbuzi mgonjwa, watoto wakinipita na madumu ya maji. Nyumba ya Mzee Banzi ilikaa kwenye mteremko mkali. Kulikuwa na njia nyembamba kutoka mlangoni, ikapita migombani, ikavuka kijito, ikapanda hadi kanisani, kisha ikashuka moja kwa moja mpaka barabarani. Sehemu iliyo bapa kama sakafu yangu sikuiona. Nikawakusanya wapwa, nikawaambia kuanzia siku ile wamweke chini.

Dismas alisimama kunijibu. "Shikamoo zako zote tunazipokea, daktari. Lakini unataka kijiji kiseme tumemtupa mjomba? Leo aonekane anajikokota peke yake njiani, kesho tutamwangalia nani usoni?"

"Mkimbeba hivi, masika anakwenda Mafiga."

"Basi aende amebebwa," akasema, akaketi. Nilimwonea huruma.

Mzee Banzi alikuwa ameketi kwenye kigoda mlangoni. Akapiga gongo lake chini. "Machela ije," akasema. Tukamgeukia. "Ije. Ifuate nyuma yangu. Wote wanne waishike. Atakayeuliza ataiona."

Ndivyo ilivyokuwa. Kesho yake asubuhi alitoka mlangoni kwa miguu yake, mimi nimemshika kiunoni, na nyuma yetu vijana wanne wamebeba machela tupu kwa umakini wote, kana kwamba mna mtu ndani. Watu walitoka kuangalia. Hakuna aliyecheka. Tulifika migombani, akachoka, wakamlaza, wakamrudisha. Nikawaachia agizo: asogee mpaka aseme mwenyewe kwamba amechoka, ndipo abebwe, na safari inayofuata apite hapo alipochokea.

Niliposhuka mjini, uhamisho ulikuwa umetoka. Mganga Mfawidhi aliniita ofisini akanipongeza kwa mara ya pili.

"Naomba niripoti baada ya masika," nikamwambia.

"Kuna nini kwenye masika?"

"Nina mgonjwa."

Akavua miwani. "Mama, uhamisho hausubiri mgonjwa mmoja. Ukiuacha, usije kulia hapa."

Niliuacha. Sitaki msomaji anidhanie utakatifu, maana kwa kweli sikubaki kwa huruma. Nilibaki kwa sababu nilitaka kujua. Vitabu vyote nilivyosoma vilikuwa na mgonjwa, mtaalamu na chumba. Havikuwa na mjomba, mteremko na wapwa wanne. Nilitaka kuona itaishaje, na nilijua kwamba nikiwa Dar nitasimuliwa tu.

Nusura nijutie. Juma moja Mzee Banzi aliteleza karibu na kijito akaanguka, akapasuka juu ya jicho. Leonadi alikuja chumbani kwangu bila kubisha hodi. "Baba yangu mnamfanyia majaribio?" Nilimweka kitini nikamweleza kwamba anayejifunza kutembea huanguka, na kwamba aliyeanguka alikuwa ametembea kufika pale alipoangukia. Hakuridhika. Akaapa kwamba siku ya kliniki inayofuata atakodi gari, atamsubiri baba yake barabarani na kumpeleka Mafiga, na hatataka maneno yangu wala ya wapwa. Dismas naye alinipigia simu kuniuliza kama wamrudishe kwenye machela. Nilimwambia hapana. Usiku ule sikulala vizuri, nawaambia ukweli.

Kabla ya siku ya kliniki mvua za masika zilianza. Siku yenyewe ilipofika milima ilifunikwa na mawingu, na mimi nilikuwa chumbani na mgonjwa mwingine, nikisikiliza zaidi nje kuliko ndani. Saa zikapita. Mkuu wa Kitengo, ambaye alikuwa karibu kustaafu na alijifanya hajali, alikuwa ameburuta kiti chake mpaka barazani.

"Njoo uone," akaniita.

Mzee Banzi alikuwa anaingia getini. Gongo mkono wa kushoto, mguu wa kulia ukichora nusu duara kabla ya kutua, matope mpaka magotini. Pembeni yake alikuwa Leonadi, mikono imening'inia kama mtu asiyejua aiweke wapi. Na nyuma walifuata wapwa wanne na machela, safari hii ikiwa imelemewa mzigo: karoti, kabichi na mikungu miwili ya ndizi.

"Kulikoni?" nikamuuliza Dismas.

"Mjomba kasema machela isishuke bure. Tukitoka hapa tunapita sokoni."

Mzee alikuwa ameshuka njia yote kwa miguu mpaka barabarani, wakimshika kwenye utelezi tu. Leonadi alikuwa na gari barabarani kama alivyoapa. Alinisimulia kwamba alimfungulia baba yake mlango, baba akapanda, akaketi, akamwambia, "Twende kliniki. Halafu utanirudisha hapa hapa." Akawasha gari. Mkuu wa Kitengo alimtazama mzee yule akipita mbele yake, akasimama kumpisha, akasema kwa sauti ya chini, "Huyu jina lako atalikumbuka." Machozi yalinitoka, nikajifanya nafuta miwani.

Mzee Banzi alimaliza masika juu milimani, na masika mengine mengi baada ya hapo. Mimi sikupata tena uhamisho wa Dar. Asubuhi zangu mbili zikawa tatu, kisha kila siku, na hatimaye tukapata chumba chenye dirisha. Nikapewa ukuu wa kitengo. Nilijenga ngazi na mteremko wa zege uani, na kila mtaalamu mgeni nilimpeleka kwanza nyumbani kwa mgonjwa kabla sijamwonyesha reli. Chuoni nilifundisha kwa kualikwa, mara chache. Kuna wenzangu waliokwenda mbali zaidi, na siku nyingine, nikiona picha zao za mikutano ya nje, wivu hunichoma kidogo. Hupita.

Kwa hiyo kijana unayenipigia simu na uzamili wako mkononi, sina ramani ya kukupa. Panga, kwa sababu asiyepanga hupangiwa migongo. Ila uache nafasi kwenye mpango wako kwa mgonjwa ambaye utataka kujua ataishaje. Na ujifunze mapema kuwaambia watu wenye upendo wamweke mtu wao chini, maana hilo ndilo gumu, kuliko reli zote.

Nimestaafu sasa, nafuga kuku, na simu yangu haina haraka. Mwezi uliopita ililia asubuhi, nikaona jina la Dismas. Siku hizi yeye ndiye mjomba mdogo kule juu, na sauti yake imekuwa nzito. Akanisalimu, nikaitikia.

"Mama, mzee ametutoka. Jana, amelala tu. Juzi yake alikwenda kanisani kwa miguu."

Nikampa pole. Nilidhani amemaliza, lakini hakukata.

"Kuna jambo tumekaa kama ukoo, tukaona tukuulize kwanza wewe. Kesho tunampeleka makaburini. Machela ile bado tunayo. Tunaomba safari hii tumbebe."

"Mbebeni," nikamwambia. "Msimweke chini mpaka mfike."