Kilemba cha Bibi

Fundi akilifuta lori la shule kwa kitambaa chenye petroli, mimi, mropokaji wa darasa, hunyamaza.

Nilikuwa mdogo. Tulikuwa tukimpeleka mama akajifungue, gari la baba likazimikia mvuani. Tukasukuma, wapi! Baba akafungua boneti.

"Distributa imeingia maji, moto haufiki kwenye plagi. Nataka kitambaa kikavu."

Mimi na baba tulikuwa chapachapa. Kanga zote zilikuwa chini ya mama, nazo zimelowa. Kikavu kilibaki kilemba cha bibi, mama yake mama, aliyebaki garini amemshika. Kwetu mtu hamtazami mkwewe usoni, sembuse kumwomba nguo ya kichwani. Baba akawa anapuliza tu kifuniko cha distributa.

"Mayoo!" mama akalia kwa uchungu.

"Baba, si umvue bibi kilemba!" nikaropoka, nikacheka peke yangu.

Bibi akakifungua taratibu. "Mpelekee baba yako."

Sikuwahi kuziona nywele zake. Zilikuwa nyeupe, chache. Baba akapokea huku amegeuza uso, akafuta, gari likawaka.

Mdogo wangu alizaliwa salama. Ila bibi aliingia wodini amejifunika kichwa kwa viganja, nami nyuma yake nimebeba kilemba chenye grisi.